Tupeane uzoefu: viazi vya kuoka vinavyolia chini ya jino na kulainika ndani

Mpenda Jiko, Ntinda: Habari zenu, ndugu. Juzi niliandaliwa kuku katika hoteli moja ya hapa Kampala, na kando yake viliwekwa viazi vya kuoka ambavyo vilikuwa vyeupe, vimelowa mafuta, na katikati bado ni vigumu. Nimesikitika sana, kwa kuwa nchi hii ina viazi vizuri mno, na kiazi cha kuoka kilichopikwa inavyostahili huwa na gamba kavu la rangi ya dhahabu na ndani yake laini kiasi cha kutohitaji kutafunwa. Naomba kila aliyewahi kuvipika, awe na oveni au sigiri, atueleze anavyofanya na yaliyomkuta.

Mama wa Bombo: Umenikumbusha Idi za nyumbani, mwanangu, maana kwetu viazi hivi havikosi kando ya nyama ya mbuzi. Mimi huvimenya, huvikata vipande vikubwa, huvitia katika maji baridi yenye chumvi ndipo huvibandika, kwa sababu ukivitumbukiza katika maji yanayotokota, nje huiva na kumeguka kabla ya moto kufika katikati. Kingo zikianza kulegea, huvichuja na kuvirudisha sufuriani juu ya moto mdogo ili mvuke wote utoke. Kisha hufunika sufuria na kuitikisa kwa nguvu mpaka kila kipande kichubuke na kupata unga juu yake. Unga huo ndio unaokunywa mafuta na kugeuka gamba, kwa hiyo kiazi chenye uso laini na wenye maji hakiwezi kukauka hata ukikioka mpaka asubuhi.

Kijana wa Nakawa: Nakubaliana na Mama. Hatua ya kutoa mvuke ndiyo wengi huiruka.

Mkulima, Kabale: Kabla ya sufuria, tuulizane ni kiazi gani kimenunuliwa. Katika aina tunazolima, Kinigi ana unga mwingi, na ndiye anayefaa kuokwa na kukaangwa, ilhali Victoria hukomaa mapema na hupendwa na wakulima, lakini ana maji zaidi. Vyote viwili vina ngozi nyekundu, kwa hiyo mnunuzi wa mjini huchukua chochote alichopangiwa kwenye fungu. Anayetaka kuwa na hakika achanganye kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji: kiazi chenye unga mwingi huzama, na chenye maji mengi huelea. Tena msinunue viazi vilivyoanikwa juani mpaka vikawa na rangi ya kijani, kwa sababu rangi hiyo huandamana na sumu, na uchungu wake hauondoki kwa kuoka.

Mwalimu, Mbale: Ndugu yangu wa Kabale, unazungumza kana kwamba viazi vinatoka huko kwenu Kigezi peke yake. Sisi tunakula vya Kapchorwa, kutoka miteremko ya Mlima Elgon, na Victoria huyo unayemdharau tunamuoka kila Jumapili na watoto humaliza sinia.

Mkulima, Kabale: Sijamdharau, mwalimu. Nimesema ana maji zaidi, na ukimuoka utalazimika kumkausha kwa muda mrefu zaidi. Na mnavichemsha kwa dakika ngapi huko? Sisi huku dakika 20 hazizidi.

Kijana wa Nakawa: Dakika 20? Mimi nikifika 15 vimeshakuwa uji.

Muuguzi, Fort Portal: Msigombane, kwa sababu kila mmoja anasema kweli ya mahali pake. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi, ilhali Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, huchemka kwenye nyuzi 96. Kiazi kilekile huchelewa kuiva mlimani. Acheni saa, mchome kipande kwa ncha ya kisu: kisu kiingie bila kulazimishwa, lakini kipande kisianguke.

Mpishi wa Sherehe, Jinja: Niruhusuni nieleze kwa kirefu, kwa kuwa mazungumzo haya yamenirudisha katika siku ngumu kuliko zote katika kazi yangu. Tulikuwa na harusi kijijini, mbele ya Iganga, na familia ya bwana harusi ilikuwa imesisitiza kwamba pamoja na matoke, wali na kuku, kuwe na viazi vya kuoka, kwa sababu wageni wao walikuwa wametoka mbali. Oveni kubwa za umeme zilikodiwa. Viazi vilikuwa vimechemshwa, vimetikiswa, vimekauka vizuri, na samli ilikuwa tayari inapata moto kwenye trei, ndipo umeme ulipokatika. Tulingoja. Jenereta ya mwenye ukumbi ilikuwa ya vipaza sauti tu na haikuweza kubeba oveni. Shangazi wa bibi harusi alikuja mlangoni, akatazama trei zile, hakusema neno, na ukimya wake ulinitisha kuliko kelele.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja mzee aliyekuwa akichambua mchele nyuma ya jikoni. Aliagiza masufuria mapana na vifuniko vya bati vyenye kingo. Samli ilichemshwa humo mpaka kipande cha majaribio kikalia kilipoguswa na mafuta, viazi vikapangwa safu moja tu bila kubanana, kisha makaa yakawekwa juu ya vifuniko, mengi kuliko yale ya chini, kama mapishi ya mkate wa kumimina. Baada ya nusu saa tulivigeuza, tukaongeza makaa ya juu, na vilipotoka vilikuwa na gamba ambalo sijawahi kulipata katika oveni yoyote. Nililia kwa furaha, nasema kweli. Kisha wahudumu wa ukumbi wakavichukua, wakavimimina katika vyombo virefu vya kupashia chakula na kuvifunika. Wageni walipofika mezani, vile vya chini vilikuwa vimelowa kwa mvuke wao wenyewe, na waliofaidi ni waliotangulia kwenye foleni. Tangu siku ile sikubali kiazi cha kuoka kifunikwe, hata mwenye sherehe akasirike.

Mama wa Bombo: Mungu amzidishie bibi huyo. Hivyo ndivyo tulivyooka kabla ya oveni kuingia nyumbani.

Mpenda Jiko, Ntinda: Mpishi, je, samli haikuungua kwa moto wa namna hiyo?

Mpishi wa Sherehe, Jinja: Samli safi huvumilia, kwa kuwa maziwa na maji yake vimeshaondolewa. Siagi ndiyo inayoungua na kuacha weusi.

Mwalimu, Mbale: Mafuta ya alizeti yanatosha, na samli ni gharama bure.

Mama wa Bombo: Kwa siku ya kawaida sawa, mwalimu. Kwa Idi, hapana.

Mwanafunzi, Arua: Mimi hutia magadi kidogo sana katika maji ya kuchemshia, kama tunavyofanya kwenye kunde, na uso wa kiazi huchubuka vizuri zaidi. Jirani yangu amenishauri nitie siki badala yake. Nimfuate?

Muuguzi, Fort Portal: Usimfuate kwa viazi vya kuoka. Magadi hulegeza kile kinachoshikilia nyama ya kiazi, na ndiyo maana nje hupata unga, ilhali siki hukikaza na kukiacha na uso laini. Siki itakufaa kwa chipsi nyembamba unazotaka zisivunjike.

Kijana wa Nakawa: Nami niongeze kwamba viazi visikae kwenye friji siku nyingi. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na katika oveni ya nyuzi 220 vinakuwa vyeusi nje kabla gamba halijakauka. Gunia liwekwe mahali penye giza na hewa.

Mpenda Jiko, Ntinda: Jumamosi nitajaribu kwa sigiri. Mama, makaa ya juu na ya chini nigawe vipi?

Mama wa Bombo: Sehemu mbili juu, moja chini, mwanangu, na ya chini uitandaze pembeni, isikae katikati ya sigiri. Ukisikia mlio wa mafuta umenyamaza kabisa, ongeza makaa juu ya kifuniko, lakini ya chini usiyaguse.