Mjadala: Je, ni haki kumbunia uzee mtoto aliyekufa?

Ndugu wasomaji, mwaka 2002 Angharad Price alitunukiwa Medali ya Nathari katika Eisteddfod ya Taifa, tamasha kuu la lugha na sanaa za Kiwelisi, kwa riwaya yake O! Tyn y Gorchudd. Anayesimulia ni Rebecca Jones, bibi kizee anayekumbuka karne nzima ya ukoo wake wa wakulima na wafugaji katika bonde la Maesglasau, huko Wales. Mwishoni msomaji anaambiwa kwamba Rebecca halisi, ambaye ni wa ukoo wa mwandishi mwenyewe, alikufa kwa dondakoo mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 11 tu.

Wapo wanaoona kwamba huko ni kumhadaa msomaji, na hoja yao ina uzito, kwa sababu kitabu kina picha halisi za familia, na wale kaka watatu vipofu wanaosimuliwa humo, waliosomeshwa mbali na nyumbani kwa Kiingereza, waliishi kweli. Zaidi ya hayo, marehemu hawezi kukubali wala kukataa maneno anayowekewa kinywani.

Mimi naitetea riwaya hii. Mwandishi hakumzulia Rebecca aibu wala sifa asizostahili. Alimpa miaka aliyonyimwa na maradhi, kisha akakiri jambo hilo ndani ya kitabu hichohicho. Laiti ungamo hilo lingewekwa kwenye dibaji, tungemhurumia mtoto tusiyemjua, lakini kwa kuwa linakuja baada ya kuishi naye hadi uzeeni, tunafiwa naye. Historia ya kawaida ingempa mstari mmoja, wa kuzaliwa na kufa, na sidhani kwamba mstari huo ungekuwa na ukweli zaidi kwa sababu tu ni mfupi.

Hata hivyo, utetezi wangu una mpaka. Mwandishi huyu ni wa ukoo ule, na msiba anaouandika ni wa kwao. Mgeni angechukua jina na picha za mtoto wa watu bila idhini ya jamaa zake, ningempinga, hata kama angeandika kwa ufundi uleule.

Naomba wanaopinga wanijibu hili: je, kosa mnaloliona ni kule kubuni kwenyewe, au ni kuchelewa kumwambia msomaji?