Re: Binti wa Uyole na timu ya mbio ya chuo

Mama, Uyole:

Mugonile, wanangu mlio mbali. Mdogo wenu amepata chuo kidogo huko Minnesota, anaondoka Agosti. Alikimbia mita 1,500 na 3,000 UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, na mpaka leo kila alfajiri anapandisha barabara ya Isyonje kabla daladala hazijaanza kujaa. Anataka kuingia timu ya chuo, lakini hakuna kocha aliyemwita. Mwaka wa kwanza wanaruhusiwa? Na nimfungashie nini?

Dada, Minnesota:

Shikamoo mama. Wanaruhusiwa, na hivyo ndivyo nilivyoingia mimi, bila kuitwa na mtu. Ila asingoje mpaka afike. Anwani za makocha zipo kwenye ukurasa wa michezo wa chuo. Amwandikie kocha wa mbio wiki hii hii: jina, muda wake wa 1,500 na wa 3,000, alikimbia wapi na lini, anafika tarehe ngapi. Muda uwe ule uliopimwa, asiuongezee wala kuupunguza. Kocha atamwona uwanjani, na muda wa kukadiria utamuumbua siku ya kwanza.

Mbio za nyika ni msimu wa Agosti hadi Novemba, kwa hiyo timu huanza mazoezi kabla ya masomo. Amuulize kocha kama bweni linafunguliwa mapema kwa wanamichezo. Mwangalie na tarehe iliyo kwenye fomu ya I-20, ile chuo kinayompa ya kuombea viza: viza ya F-1, ya mwanafunzi, hairuhusu kuingia nchini zaidi ya siku 30 kabla ya siku hiyo ya kuanza. Msikate tiketi kabla hamjalinganisha hayo mawili.

Aulize pia chuo kiko divisheni ipi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku. Vyuo vidogo vingi huku ni Divisheni ya Tatu, na hao hawatoi ufadhili kwa ajili ya michezo. Hapo hakuna aliyekuja na ufadhili wa mbio kumzidi, lakini mbio hazitamlipia ada, mama, usiziweke kwenye hesabu. Hata hiyo ya Tatu, kwa kuwa anatoka nje ya Marekani, atasajiliwa kwanza na kituo cha NCAA cha kuthibitisha sifa, na kama ni ya Kwanza au ya Pili kitataka na vyeti vya NECTA. Na kama aliwahi kupewa fedha ya zawadi kwenye mbio za barabarani, hata elfu hamsini, aiseme.

Sasa hili nakuomba ulishughulikie mwenyewe. Mimi nilifika na kadi ya chanjo tu. Wiki mbili nilikaa kwenye nyasi nimeshika saa ya kocha, nawasomea wenzangu muda wa kila mzunguko, miguu inawasha, kwa sababu sikuwa na fomu ya daktari wala majibu ya kipimo cha selimundu, yaani siko seli. Kipimo hicho si urasimu. Mwaka 2006 mchezaji wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, alianguka mazoezini, akafariki kesho yake. Alikuwa amebeba vinasaba vya selimundu na hakuna aliyejua. Baada ya hapo NCAA wakaweka sharti la kupima, Divisheni ya Kwanza tangu 2010, nyingine zikafuata. Aliye na vinasaba hafukuzwi, anapangiwa mazoezi kwa uangalifu, na maji na mapumziko zaidi. Kwetu wabebaji ni wengi. Mpeleke Hospitali ya Kanda, majibu yaandikwe kwa Kiingereza yenye muhuri.

Bima nayo isomwe mpaka mwisho. Zipo bima za wanafunzi wa kigeni zisizolipa majeraha ya mashindano kati ya vyuo.

Begi lisikutese. Sare wanapewa. Viatu alivyovizoea asafiri navyo miguuni. Koti la baridi atanunua huku, maana baridi ya Uyole ya Juni haifiki hata robo ya Januari ya Minnesota, tunashuka nyuzi 20 chini ya sifuri.

Na kocha akisema nafasi zimejaa, aombe kufanya mazoezi na timu mpaka msimu wa uwanjani. Asirudi chumbani kulia peke yake kama nilivyotaka kufanya mimi. Klabu za wanafunzi zipo, hazichagui mtu.

Kaka, Leeds:

Shikamoo mama. Naongeza moja kwa wenye watoto wanaokuja Uingereza: huku Jumatano alasiri vyuo vingi huachia nafasi ya michezo, na timu hujitangaza wiki ya kwanza. Anayefika amechelewa kwa ajili ya viza anakuta majaribio yamekwisha. Naye aandike mapema.

Mama, Uyole:

Ndaga fijo, wanangu. Barua kaiandika jana usiku, 1,500 kaiweka dakika 4 na sekunde 52, na mwalimu wake wa michezo kaihakiki. Kesho saa moja asubuhi tuko hospitali. Mwanangu wa Minnesota, hiyo fomu ya daktari anaitoa kocha au tunaichapisha sisi?

Dada, Minnesota:

Chuo ndicho kinachoitoa, mama. Subirini kocha ajibu, kesho mpime selimundu tu.