Naomba ushauri: kutoka Change Sets kwenda Git kwenye Salesforce

Jambo kwenu wakubwa na wadogo. Niko Lubumbashi, kwenye timu ndogo inayotunza Salesforce (mfumo wa kusimamia wateja na mauzo) ya kampuni inayouza vipuri vya magari ya migodini. Mwenzetu mmoja yuko Kolwezi.

Kila mtu ana sandboksi yake (nakala ya mfumo ya kufanyia majaribio), na kazi tunaihamisha kwenda mfumo halisi kwa Change Sets, yaani vifurushi vya mabadiliko vya Salesforce yenyewe. Watu wawili wakigusa Flow moja (mtiririko wa kazi unaojiendesha), anayepeleka mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Juzi kanuni ya kuidhinisha punguzo la bei ilirudi ya zamani, wauzaji wakawapa wateja bei zisizo sahihi mpaka jioni. Inaniuma, maana wameanza kutotuamini.

Nimeshaweka metadata (mipangilio ya mfumo) kwenye Git, inayotunza historia ya mabadiliko, kwa Salesforce CLI, zana ya kuandika amri. Majaribio ya Apex, lugha ya programu ya Salesforce, yanagusa zaidi ya ile asilimia 75 ya kodi za programu inayotakiwa. Nilipokwama ni kwenye faili za Profile, zinazopanga ruhusa za watumiaji: zinatoka tofauti kutegemea umevuta vitu gani pamoja nazo, na kuziunganisha ni vita. Halafu wenzangu wengine hawaandiki kodi za programu, wanafanya yote kwa kubofya, na dirisha la amri linawatisha.

Kwa timu ya namna hii, tuanze na DevOps Center, zana ya Salesforce ya kuhamisha mabadiliko ambayo wataifanyia kazi kwa kubofya, au nijenge njia yetu kwa GitHub Actions, inayoendesha kazi hizo yenyewe kutoka Git? Na ruhusa je: mlizihamishia kwanza kwenye Permission Sets (vifurushi vya ruhusa anavyoongezewa mtumiaji), au mliziacha Profile nje ya Git kabisa?

Aliyepitia hili jambo la Profile anieleze hata kwa kifupi. Aksanti sana.