Injini ya boti haiwaki: nimeuziwa kabureta na koili, kumbe ubovu ulikuwa kwenye swichi ya kuzimia

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nina injini ya zamani ya boti, ile ya kufunga nyuma, yenye silinda mbili na inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Iligoma kuwaka ghafla, nikaipeleka kwa fundi anayejitangaza kuwa bingwa wa injini za aina hii, naye akabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine, akinitoza fedha kila mara, bila kupima chochote.

Alianza na plagi. Hapo sikuwa na neno, kwa kuwa hakuna fundi asiyeanzia kwenye plagi. Injini haikuwaka. Akasema kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) imeziba, na badala ya kuifungua na kuisafisha, akaing'oa yote na kufunga nyingine. Haikuwaka. Akasema koili (kifaa kinachokuza umeme wa plagi) imekufa, akafunga nyingine, nayo ikawa kazi bure. Mwishowe akaniambia kwamba injini imezeeka, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) imekwisha, nitafute nyingine. Nilipomuuliza kipimo kilisoma ngapi, alijibu kwamba yeye huijua kompresheni kwa mkono, akivuta kamba.

Kompresheni ina kipimo chake, na kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Plagi zote mbili zinatolewa, waya zake zinagusishwa kwenye chuma cha injini, kipimo kinafungwa kwenye tundu la plagi, mkono wa mafuta unafunguliwa mpaka mwisho, kisha kamba inavutwa hadi mshale uache kupanda. Baada ya hapo silinda ya pili inapimwa vivyo hivyo. Kinachotafutwa si namba kubwa peke yake, bali namba mbili zinazokaribiana, maana tofauti ikizidi asilimia 15 hivi ndipo inapofaa kushuku ringi, gasketi ya kichwa au silinda iliyochubuka. Niliazima kipimo nikapima mwenyewe, na silinda zote mbili zinakaribia kulingana. Injini niliyoambiwa imekufa ina kompresheni nzuri kabisa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba injini haikuwa na moto wa plagi tangu siku ya kwanza, na jambo hilo lingejulikana kabla ya kugusa kabureta. Ukiichomeka plagi kwenye kofia ya waya wake, ukaulaza mwili wake wa chuma juu ya injini, mbali na tundu la silinda na mvuke wowote wa petroli, kisha msaidizi akavuta kamba, ama utaona moto wa buluu unaoruka kwa nguvu ama hutauona. Waya usiachwe ukining'inia hewani, kwa sababu umeme ukikosa njia ya kutokea unaweza kuiharibu koili au kisanduku cha umeme. Kama moto haupo, kabureta inahusikaje? Unawezaje kumuuzia mtu kabureta wakati hujui kama plagi zinawaka?

Katika injini nyingi za zamani za boti, umeme wa plagi huzalishwa na sumaku zilizo ndani ya gurudumu la juu, na swichi ya kuzimia hufanya kazi kwa kuupeleka umeme huo kwenye chuma cha injini ili usifike kwenye plagi. Maana yake ni kwamba swichi ikioza kwa ndani, au waya wake ukichubuka na kugusa chuma, injini inakuwa kama imezimwa muda wote, hata uvute kamba mpaka mikono ichubuke. Nilichofanya ni kuchomoa waya wa swichi hiyo, kuweka gia nyutro na kuvuta kamba huku nikitazama plagi. Moto ulikuja palepale, kwenye silinda zote mbili. Nilipoifungua swichi nilikuta kutu ya kijani imetambaa kutoka kwenye nguzo moja ya kufungia waya hadi nyingine, na vidonge vya chumvi vimeganda nyuma ya kibati. Injini inayofanya kazi kwenye maji ya chumvi huoza viungio vyake vya waya upesi, na fundi wa boti asiyelijua hilo sielewi anajua nini. (Atakayejaribu njia hii asiende nayo majini: swichi ikiwa imechomolewa, injini haizimiki kwa kitufe wala kwa kamba ya usalama.)

Kuna kosa jingine ambalo siwezi kulinyamazia. Alipokuwa akihangaika, alipuliza dawa ya kuwashia kwenye mdomo wa kabureta tena na tena. Injini yetu hii haina oili ya chini kama ya gari. Oili yake yote huja pamoja na petroli, na dawa ile haina oili, inaosha kuta za silinda na kuacha pistoni ikisugua chuma kwa chuma. Kama alitaka kujua iwapo tatizo ni mafuta, angedondoshea petroli kidogo iliyokwisha changanywa na oili: injini ikishika kisha ikazima, ndipo unapofuata njia ya mafuta, yaani tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, kibofu cha mpira cha kusukumia mafuta ambacho kinapaswa kuwa kigumu ukikibana, viungio vinavyovuta hewa, na kiwambo cha pampu ya mafuta. Petroli iliyolala miezi huacha utando kwenye vitundu vya kabureta, lakini utando huo husafishwa. Si sababu ya kutupa kabureta nzima.

Nimemwandikia madai yangu. Nataka anirudishie kabureta yangu na koili yangu, ambazo hadi sasa hajanionyesha, achukue alizofunga, na anirudishie fedha za vipuri hivyo viwili pamoja na ufundi wake. Gharama ya plagi naikubali. Amejibu kwamba vipuri vya zamani alivitupa, na kwamba kifaa kikishafungwa hakirudishwi. Waliowahi kudai vipuri vyao kwa fundi wa namna hii wakafanikiwa, naomba mnieleze mlianzia wapi, maana swichi mpya imeshafungwa, injini inawaka kwa mvuto wa kwanza, na yeye bado anasisitiza kwamba ni koili yake iliyoiponya.