Naomba ushauri: kufufua randa ya mkono iliyoliwa na kutu

Ndugu mafundi, nimerithi kutoka kwa marehemu babu yangu randa ya mkono ya chuma, Stanley namba 5, ambayo ilikaa miaka mingi mahali penye unyevu, na sasa kutu imeifunika yote isipokuwa mpini wake wa mbao, ambao bado ni mzima. Natamani irudi kazini, si kuwekwa kama pambo.

Nimekwisha kuifungua. Skrubu zote zimetoka baada ya kulowekwa kwa mafuta mepesi usiku kucha, ila moja, ambayo siilazimishi kwa sababu mwili wa randa ni chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, nacho hupasuka badala ya kupinda. Je, nikiipasha moto kidogo itaachia, au nitaleta ufa?

Linalonitatiza zaidi ni kutu yenyewe. Siki ni rahisi kupatikana, lakini asidi yake hula hata chuma kizima ikiachwa muda mrefu. Njia ya umeme, ya maji ya magadi na chaja ya betri, haili chuma, ila sijawahi kuijaribu.

Kisu nacho kina vishimo vya kutu upande wa nyuma, karibu kabisa na makali. Je, nikisage hadi nivipite, kisha nikinoe upya kwa pembe ya digrii 25, au nitafute kingine? Na ninaposawazisha uso wa chini kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo kinene, kisu kiwe kimefungwa mahali pake na kurudishwa ndani, au nikitoe kabisa?