Mahakama ilisema nitawaona watoto, lakini haikusema lini

Fundi wa Moshi

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliopitia jambo hili au wanaolifahamu kwa kazi zao, kwa sababu nimefika mahali ambapo hasira inataka kuniamulia, nami sipendi hasira iamue jambo la watoto.

Mimi ni fundi magari, ninaishi Moshi. Ndoa yetu ilivunjwa na Mahakama ya Mwanzo mwaka 2023, baada ya baraza la usuluhishi kushindwa kutupatanisha. Tuna watoto wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne. Hukumu iliagiza watoto wakae na mama yao, mimi nitoe matunzo ya shilingi 150,000 kila mwezi pamoja na gharama za shule, na kuhusu kuwaona iliandikwa sentensi moja tu, kwamba baba atakuwa na haki ya kuwatembelea. Haikutaja siku, wala mahali, wala likizo. Wakati ule sikuona tatizo, kwa kuwa sote tulikuwa Moshi na jioni nilikuwa nikipita na kuwakuta wanacheza nje. Mwaka jana mama yao alirudi kwao Tanga, na tangu hapo nimewaona mara mbili.

Desemba nilisafiri kwenda kuwaona, nikiwa nimetoa taarifa kwa simu siku tatu kabla. Nilipofika niliambiwa getini kwamba wamekwenda kwa bibi yao. Nikiwa bado nimesimama pale, nilimsikia mwanangu akiongea ndani. Sikubishana. Niliacha mfuko wa nguo na viatu, nikarudi stendi. Wiki moja baadaye viatu vilirudishwa kwa basi, kwa kuwa havikuwaenea. Hilo liliniuma kuliko hata kuzuiwa getini, maana dukani muuzaji aliniuliza namba ya mguu wa binti yangu, nami nikakisia.

Ninachouliza ni hiki. Je, ninaruhusiwa kusitisha fedha ya matunzo mpaka nitakapoonyeshwa watoto? Ndugu zangu wanasema niende nikawachukue, kwa kuwa mtoto ni wa baba. Je, sheria inasemaje? Na je, ninaweza kuomba wahamie kwangu kabisa? Nimeoa tena, na mke wangu hana kinyongo na watoto hao.

Msaidizi wa Kisheria, Morogoro

Pole sana, ndugu. Nianze na fedha, kwa sababu ukikosea hapo utaharibu mengine yote. Usisitishe. Amri ya matunzo na amri ya kutembelea watoto ni amri mbili zinazosimama kila moja kwa miguu yake, na hakuna inayoingoja nyenzake. Ukiacha kutuma, siku utakaposimama mbele ya hakimu wewe ndiye utakayeonekana umevunja amri, na mwenzako hataulizwa tena habari za geti. Tuma tarehe ileile kila mwezi, tuma kwa simu na si kwa mkono wa mtu, na utunze kila ujumbe wa muamala, pamoja na ule ujumbe uliomwandikia kabla ya safari ya Desemba kama ulimwandikia. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hiyo hauwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu umetoka kwenye simu.

Jambo la pili naomba ulisome polepole. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinasema kwamba wazazi wakitengana au wakipeana talaka, mtoto anabaki na haki ya kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla, haki ya kuishi na mzazi ambaye mahakama inaona anaweza kumlea kwa manufaa yake, na haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kila anapotaka, isipokuwa pale mpango huo unapoingilia masomo yake. Angalia haki hiyo imeandikwa kwa jina la nani. Imeandikwa kwa jina la mtoto. Kwa hiyo ukienda mahakamani usiende kusema kwamba umenyimwa watoto. Nenda ukaeleze kwamba watoto wamenyimwa baba yao, na ueleze kwa tarehe.

Kuhusu kwenda kuwachukua, nakusihi usithubutu. Kifungu cha 40 cha sheria hiyohiyo kinakataza kumwondoa mtoto isivyo halali mikononi mwa mtu mwenye uangalizi wake halali, na nimeona baba mwenye hoja nzuri kabisa akipoteza kila kitu kwa sababu ya jioni moja ya namna hiyo.

Tatizo lako halisi ni ile sentensi moja. Mahakama nyingi huandika hivyo, na wazazi huridhika kwa sababu siku hiyo wamechoka na wanataka kutoka chumbani humo. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kubadilisha amri ya uangalizi wa watoto wakati wowote, hali ikiwa imebadilika kwa kiasi kikubwa, na mzazi kuhama kutoka Moshi hadi Tanga ni badiliko ambalo hakuna atakayelibisha. Rudi katika mahakama iliyotoa hukumu, na hati yako ya maombi iseme mambo yenye siku na saa: nusu ya likizo ya Juni, nusu ya likizo ya Desemba, simu mara mbili kwa wiki saa kumi na mbili jioni, mahali pa kukabidhiana watoto, nani anasafiri nao, na nani analipa nauli.

Kabla ya hapo, pita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huduma yake hailipiwi, anaweza kumwita mwenzako mkazungumza, na mkikubaliana mnaweza kuyapeleka makubaliano hayo mahakamani yakawa amri. Ukihitaji mtu wa kukuandikia maombi, ulizia mtoa huduma ya msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kuomba wahamie kwako kabisa sikushauri kwa sasa. Kijana wako ana miaka minne, na sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa, lakini kwa ushahidi kwamba kwa mama kuna madhara, nawe hukuandika lolote la namna hiyo. Binti wa miaka tisa anaweza kuulizwa maoni yake, lakini mahakama huangalia pia umuhimu wa ndugu kukaa pamoja, na ubaya wa kumhamisha mtoto mara kwa mara.

Mzee wa Kihamba, Rombo

Nimesoma yote, na nasema kwa heshima kwamba sheria hizi zinamsahau babu. Mtoto wa kiume hukulia kwao, akaujua ukoo wake na akajua kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, kiko wapi na nani amezikwa pale. Huyo wa miaka minne akikaa Tanga mpaka afikishe kumi na minane, atakuja kihambani kama mgeni. Hilo nalo liandikwe kwenye hayo maombi ya mahakamani.

Msaidizi wa Kisheria, Morogoro

Shikamoo, mzee. Hujakosea kulitaja, na sheria yenyewe haijalisahau. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto, kisha kinataja matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii ya wahusika. Mila zimo, ila zinakaa chini ya ustawi wa mtoto. Ule utaratibu ulioandikwa katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, kwamba mtoto wa ndoa ni wa upande wa baba, hauwezi tena kumaliza shauri peke yake.

Hata hivyo umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kumwambia ndugu huyu. Wenyeji wa Kilimanjaro hurudi nyumbani Desemba. Basi katika maombi yake asiseme tu nusu ya likizo; aombe siku za mwisho wa Desemba kwa kuzitaja, na aeleze kwamba ndizo siku ambazo watoto watawakuta babu, bibi, shangazi na binamu zao wote mahali pamoja. Hakimu akiliona hilo limeandikwa kwa faida ya watoto, ataelewa uzito wake.

Mama wa Wawili, Tanga

Kaka, mimi simjui mama wa watoto wako, lakini niliwahi kuwa mtu wa ndani ya geti, kwa hiyo naomba unisikilize bila kukasirika.

Nilimzuia baba wa wanangu kwa karibu mwaka mzima. Sikumzuia kwa chuki. Mara ya mwisho alipowachukua aliahidi kuwarudisha Jumapili saa kumi alasiri, akawarudisha Jumatatu usiku, siku ya shule, simu yake imezimwa, na mdogo akiwa na homa. Halafu mkubwa akaniambia kwamba njia nzima aliulizwa nani anakuja nyumbani kwetu na mama anavaa nini akitoka. Mtoto wa miaka minane alikuwa anaogopa kunijibu hata nilipomuuliza amekula nini. Nikafunga geti. Leo najua nilikosea njia, kwa sababu nilipaswa kwenda ustawi wa jamii nikaeleza hofu yangu badala ya kuwafundisha watoto kunyamaza chumbani baba yao anapopiga hodi. Lakini hofu yenyewe ilikuwa ya kweli.

Kwa hiyo kabla ya mahakama, muulize mwenzako swali moja kwa maandishi: anaogopa nini? Huenda ni safari ndefu ya mtoto mdogo, huenda ni mke wako mpya ambaye hajawahi kumwona, huenda ni jambo ulilofanya nawe hukulipa uzito. Akijibu, usijitetee siku hiyohiyo. Mimi nilirudi kuzungumza na baba wa wanangu alipokubali waonane kwanza kwa saa mbili nyumbani kwa dada yangu, bila kulala, kwa mwezi mzima. Alikuja kila Jumamosi kwa saa aliyosema. Mwezi wa pili nilimfungia begi mwenyewe.

Na anza na ombi dogo lisilo na ubishi ndani yake. Mwombe vipimo vya miguu ya watoto.

Aliyelelewa Huku na Kule

Nina miaka thelathini na moja, na wazazi wangu waliachana nikiwa na sita. Mama alikuwa Lushoto, baba Dar es Salaam, na kila likizo walikabidhiana mimi stendi ya Korogwe. Sitaki kueleza mengi, ila nataka wazazi wajue mtoto anaona nini.

Nilikuwa naona mikono. Mama alishika begi mpaka baba alipofika hatua tatu kutoka kwetu, kisha akaliweka chini, wakasalimiana bila kutazamana, baba akaliokota. Begi halikupita hata siku moja kutoka mkononi kwenda mkononi. Mwaka niliokuwa na miaka kumi, mama alimpa baba chupa ya dawa yangu ya kikohozi na kumweleza vijiko vingapi na saa ngapi, baba akaitikia na kurudia maelezo ili kuhakikisha. Mazungumzo yale hayakuzidi dakika mbili. Nililala usingizi kutoka Korogwe mpaka Chalinze, na ilikuwa mara ya kwanza kulala kwenye safari hiyo.

Kaka fundi, usimpe binti yako kazi ya kupeleka ujumbe, hata ule mwepesi wa kumwambia mama yake kwamba fedha imetumwa. Miaka tisa ndiyo umri ambao mtoto huanza kuchagua maneno ili asimuudhi yeyote, na akishaanza ni vigumu kuacha.

Fundi wa Moshi

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki sita kutoa taarifa, kwa kuwa mlinisaidia kwa moyo.

Fedha sikusitisha. Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii hapa Moshi, akawasiliana na mwenzake wa Tanga, na mama wa watoto akaitwa kule. Nilimwandikia lile swali la hofu. Alikaa siku nne bila kujibu, kisha akaandika kwamba anaogopa mtoto mdogo kulala kwenye nyumba ambayo usiku hakuna anayemjua, kwa sababu bado anaamka na kulia. Nilitaka kumwandikia kwamba mimi ni baba yake, ananijua. Nikaiweka simu mezani, nikaenda kumalizia gari la mteja, na nilipotulia nikakiri moyoni kwamba ameniona mara mbili tu kwa mwaka mzima.

Tumekubaliana kwamba Juni nitakwenda Tanga mimi, nikae kwa ndugu yangu Muheza, niwachukue asubuhi na kuwarudisha saa kumi na moja jioni kwa siku saba. Simu ni Jumatano na Jumapili. Desemba, ikiwa Juni itakwenda vizuri, watakuja Moshi pamoja na shangazi yao wa upande wa mama, atakayekaa nao siku tatu za mwanzo. Mzee wa Rombo, siku za mwisho wa Desemba zimo, zimetajwa kwa tarehe. Makubaliano yameandikwa, na tunayapeleka kwenye mahakama iliyotoa hukumu ili yaingie kwenye amri mahali pa ile sentensi moja. Tarehe ya kusikilizwa tumepangiwa mwezi ujao.

Jumapili iliyopita, baada ya simu, niliingiziwa picha. Ni karatasi mbili za daftari la mistari, kila moja imechorwa mguu kwa kalamu ya risasi. Ule mdogo umechorwa ukiwa unatikisika, kidole gumba kimetoka nje ya mstari. Karatasi ya binti ameandika mwenyewe juu yake, sentimita ishirini na moja na nusu, na chini akaongeza kwamba anapenda vya kamba na si vya kubandika.