Tupeane uzoefu: Mabomba na maji taka kwenye udongo wa mbuga, Dodoma

Mwanzisha mada
Wakuu, mvua za Desemba zinakaribia. Kwa walio Iyumbu, Nala, Mkonze, Nkuhungu na kwingineko ambako kiwanja kimeangukia kwenye udongo mweusi au mfinyanzi, tuweke hapa kinachofanyika bomba likipasuka saa 8 usiku au choo kikianza kurudisha maji. Vipimo, vifaa, sababu. Habari za nani alitapeliwa na fundi gani zina uzi wake.

Naanza na sababu, maana bila hiyo utaunga bomba lilelile kila msimu. Udongo huu ukikauka, kuanzia Juni hadi Novemba, unanywea na kufungua nyufa. Mvua za kwanza zikishuka unavimba na kuinuka. Msingi wa nyumba hauinuki sawa na udongo wa uani, kwa hiyo bomba limeshikwa na zege upande mmoja, na upande wa pili limelala juu ya kitu kinachopanda na kushuka. Linakatikia penye makutano: linapotoka kwenye msingi, linapoingia kwenye chemba (kishimo chenye mfuniko cha kukagulia maji taka), na kwenye kiungo cha kwanza baada ya mita. Ukiitwa usiku, anza kuchimba hapo.

Spana 14
Kabla ya jembe, tumia mita. Funga koki zote, pamoja na ya kujazia tanki, maana boya bovu linavujisha kimyakimya. Soma tarakimu nyekundu za mwisho, subiri nusu saa, soma tena. Zikisogea, funga valvu ya kuingilia nyumbani. Mita ikisimama, uvujaji uko ndani ya nyumba. Ikiendelea, uko kati ya mita na valvu. Ukiona maji yanatoka barabarani kabla ya mita, hiyo ni kazi ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, piga simu na usichimbe.

Lowo kwenye mfinyanzi hudanganya. Maji hayapenyi chini, yanatembea ndani ya mtaro wa bomba kwa sababu udongo wa kujazia ni laini kuliko wa pembeni, kisha yanachomoza mbali. Fuata mstari wa bomba kuelekea upande wa juu, toboa kwa nondo kila hatua. Nondo ikianza kutoka na tope jepesi, umekaribia.

Mama Ilazo
Samahani fundi, mtaro ukiwa umejaa tope, gundi ya PVC itashika kweli?

Spana 14
Haishiki, dada. Gundi inataka bomba kavu na safi. Chimba kishimo cha kukusanyia maji kiingie sm 30 chini ya bomba, kando yake, uchote kwa kopo muda wote wa kazi. Kata kipande kibovu kwa msumeno wa chuma, na ukate walau sm 15 zaidi kila upande, maana ufa huwa mrefu kuliko unavyoonekana. Piga msasa, futa kwa kitambaa kikavu, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo, shikilia nusu dakika. Usifungulie maji kwa presha mara moja.

Bomba likiendelea kudondosha maji, achana na gundi. Tumia kiungo cha kubana, kile cheusi chenye kofia za kukaza na mpira ndani, hakijali unyevu. Kwa PPR, bomba la plastiki linaloungwa kwa joto, hali ni ileile: mashine ya kuyeyusha ikiwa nyuzi 260, bomba la mm 20 linataka sekunde 5 na la mm 25 sekunde 7, lakini tone moja la maji likigeuka mvuke ndani ya kiungo linaacha tundu. Kwa hiyo kwenye sanduku la nyumba weka viungo viwili vya kubana vya saizi ya bomba lako na kipande cha mita moja.

Jembe la Mtumba
Hiyo ni huduma ya kwanza. Dawa ni kuliachia bomba nafasi ya kucheza.

Linapopita kwenye msingi, tundu liwe kubwa kuliko bomba kwa sm 5 kila upande. Nafasi hiyo isijazwe saruji. Izibe kwa kitu laini, na uweke kibao au bati lililokatwa kuzuia panya. Kwa bomba la maji taka la inchi 4, kiungo cha kwanza cha mpira kikae ndani ya sm 15 kutoka ukutani, kifuate kipande kifupi cha sm 60, halafu kiungo kingine cha mpira, ndipo uendelee na bomba refu. Kipande hicho kifupi kinapinda kidogo kila ncha badala ya kuvunjika. Mafundi wengi wanagundisha kila kitu kwa sababu gundi ni rahisi, na hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote kwenye nyumba mpya.

Chini ya bomba weka mchanga sm 10, juu yake sm 15, ndipo urudishe udongo. Mfinyanzi mkavu wenye mabonge ukigusa bomba, bonge moja linakuwa nyundo likivimba.

Kisasa kwa Juu
Kwa nini usitumie kokoto badala ya mchanga? Kokoto haioshwi na maji.

Jembe la Mtumba
Kokoto ndogo inafaa kwa maji taka. Ila iwe mchanga au kokoto, umeshatengeneza mfereji ndani ya udongo usiopitisha maji, na mfereji huo unaelekea kwenye msingi wako. Ndiyo maana kama mita moja kabla ya ukuta unaweka kizuizi: mfinyanzi uleule, uloweshwe kidogo, ushindiliwe kwa tabaka, unene sm 50, upana wote wa mtaro. Usitumie zege hapo, utakuwa umelifunga bomba upya.

Bomba Moja
Tuje kwenye choo kinachorudisha. Kwanza acheni kutumia maji nyumba nzima, kufua kukiwemo. Jaza mchanga kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, uulaze kwenye tundu la bafu, mwingine uingie kwenye bakuli la choo. Kisha fungua chemba ya nje iliyo karibu na nyumba ili maji yamwagikie huko, si sebuleni.

Sasa soma chemba. Ya juu imejaa na inayofuata ni tupu: kizibo kiko kati yao. Ingiza fimbo za kuzibulia kutoka ile tupu, zungusha upande wa mshale wa saa tu. Ukigeuza kinyume zitafunguka na kubaki ndani. Zote zikiwa zimejaa, fungua karo, tangi linalopokea maji taka ya nyumba. Maji yakiwa juu ya bomba la kuingilia, shimo la kunywea, lile linalopokea maji ya karo ili udongo uyanywe, limeshindwa, na kuzibua ni kupoteza muda.

Kizibo kikirudi mahali palepale kila mara, udongo umeinua bomba. Mteremko wa 1 kwa 40 ni sm 2.5 kwa kila mita, yaani sm 15 kwa bomba la mita 6. Pima kwa mpira wa levo, ule mwembamba unaojazwa maji. Wanaolaza kwa 1 kwa 80 kwenye mbuga hawana akiba, mvimbo mdogo tu unageuza maji.

Na jamani, gata za bati zisiingie kwenye chemba! Bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya mm 30 linakusanya lita 3,000. Watu 6 wanaotumia lita 80 kila mmoja wanatoa lita 480 kwa siku. Mvua ya usiku mmoja imejaza karo kwa siku sita.

Mama Ilazo
Na jirani aliyechimba shimo la kunywea futi 15, likajaa mwezi wa kwanza?

Jembe la Mtumba
Kina peke yake hakisaidii kama bado uko ndani ya mfinyanzi. Pima kwanza. Kwenye usawa ambako maji yatatokea, chimba kishimo cha sm 30 kwa 30, kina sm 30. Jaza maji, acha yaishe usiku kucha, jaza tena. Hesabu sekunde maji yakishuka kutoka robo tatu hadi robo ya kishimo, ugawanye kwa 150. Rudia mara tatu, chukua wastani. Jibu likiwa kati ya 12 na 100, shimo litakunywa. Likizidi 100, yaani zaidi ya saa 4 na dakika 10, halitafaa. Usipime Agosti kwa kumwaga ndoo moja: nyufa zinalamba maji na kukupa jibu la uongo.

Ikishindikana, ama uvuke mfinyanzi ufike kwenye changarawe, kama ipo, ama uende kwa upana: mitaro mifupi ya kina kidogo, kama sm 60, yenye kokoto na bomba lenye matundu, juu yake migomba au matete. Jua la Dodoma linafanya sehemu ya kazi. Maji ya kuoga yapeleke huko moja kwa moja, karo libaki na ya chooni.

Bomba Moja
Mkiita gari la kunyonya mvua ikiendelea, msilikaushe karo, hasa la plastiki. Tangi la lita 2,000 likiwa tupu kwenye udongo uliojaa maji linasukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 2, linang'oka na bomba zake. La tofali zisizo na saruji, ukuta unaingia ndani. Nyonya hadi nusu, malizia udongo ukikauka. Na mtu yeyote asiingie shimoni hata kuokota ndoo, hewa ya mle inaua kabla hujapiga kelele.

Kisasa kwa Juu
Bomba la maji safi likishapasuka na mgao ukakata, uchafu unafyonzwa ndani. Tanki linasafishwaje?

Spana 14
Mwaga, sugua, jaza. Dawa ya klorini asilimia 3.5 (soma chupa, na isiwe na manukato), lita 1.5 kwa kila lita 1,000. Fungua kila koki mpaka harufu ifike, funga, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga yote, mbali na bustani na karo, jaza upya.

Mama Ilazo
Mbali na karo kwa nini?

Spana 14
Inaua vijidudu vinavyosaga uchafu mle ndani, dada, na karo litajaa mapema.